Kompyuta yangu ni ya 2017 na matangazo mapya yamemiminika: ninunue, nisubiri au nipuuze?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i7-7700, kumbukumbu GB 16, kadi ya grafiki ya GTX 1060 na Windows 10. Kazi yangu ni kuhariri video, na usiku nacheza gemu kidogo. Tangu nibadilishe kamera, video zinakwamakwama ninapozihariri. Sasa matangazo yamefuatana: prosesa mpya, kadi mpya, mfumo endeshi mpya wenye akili unde kila kona. Nimesoma maoni ya wapenzi wa kompyuta mpaka kichwa kikauma. Nusu wanashangilia kama timu yao imetwaa kombe, nusu wanatukana. Je, ninunue sasa, nisubiri kizazi kijacho, au nipuuze yote? Na matangazo haya yanasomwaje bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Katika barua yako yote, maneno yaliyonifanya nisimame ni yale matatu uliyoyapitia mbio: "tangu nibadilishe kamera". Hukusema tangu kompyuta izeeke, wala tangu litoke tangazo. Shika hapo hapo. Tutarudi kwenye kamera, lakini kwanza tupite katikati ya hizo kelele, maana umeuliza zinasomwaje.

Anayeshangilia na anayetukana wote wanajibu swali moja: kitu hiki kikoje kikilinganishwa na nilicho nacho mimi? Na wengi wanaoandika saa ile ile ya uzinduzi wana kompyuta ya mwaka jana au mwaka juzi. Prosesa za Ryzen 9000 za kampuni ya AMD zilipotoka Agosti 2024 zilipondwa vibaya, kwa sababu kwenye gemu zilizipita zile za 7000 kwa kiasi kidogo tu. Kwa mwenye 7000, kuponda kule kulikuwa na haki. Lakini wewe una prosesa ya kori nne, yaani sehemu nne za kufanya hesabu, iliyotoka Januari 2017. Kati ya zile chipu nne "mbovu" za Agosti, iliyo ndogo kuliko zote ilikuwa na kori sita na kubwa ilikuwa na 16. Hasira yao ni ya kweli, ila si yako. Na furaha yao pia si yako: Ryzen 7 9800X3D ilipotoka Novemba mwaka ule ule, waliokuwa wakitukana walipiga vigelegele, kwa sababu ya kumbukumbu ya ziada iliyopachikwa ndani ya chipu ambayo gemu huipenda mno. Ungeinunua kwa ajili ya kuhariri video, ungekuwa umelipia nguvu nyingi inayofanya kazi usiku tu, saa ya gemu.

Kwa hiyo mimi nikisoma maoni hutafuta kwanza mtu ana nini nyumbani. Asiposema, namruka.

Sasa tangazo lenyewe. Mfano nisioweza kuuacha ni wa Januari 2025, pale Jensen Huang, mkuu wa Nvidia inayotengeneza kadi kama yako, aliposimama jukwaani na kusema kadi ya RTX 5070 itatoa uwezo wa RTX 4090. Ukumbi ulilipuka. 4090 ilikuwa ndiyo kadi kubwa kuliko zote za kizazi kilichotangulia, na hii mpya ilitangazwa kwa karibu theluthi moja ya bei yake. Ila ukiweka karatasi za vipimo pamoja, 4090 ina kori 16,384 za hesabu na GB 24 za kumbukumbu. 5070 ina kori 6,144 na GB 12. Mdogo akawezaje kumbeba mkubwa? Jibu alilitoa yeye mwenyewe pale pale: akili unde. Kadi ilichora fremu moja ya kweli, yaani picha moja ya video, kisha ikabuni hadi fremu tatu za kuingiza kati ya hiyo na inayofuata. Kipimo cha fremu kwa sekunde kinapanda, grafu inapaa.

Huo si uongo, na picha kwa macho huwa laini kweli. Lakini fikiria kinachotokea mkononi. Ili kubuni fremu za katikati, kadi lazima ingoje fremu ya kweli inayofuata iwe tayari, vinginevyo haijui inaziba pengo gani. Kama fremu za kweli ni 30 kwa sekunde, skrini inaweza kuonyesha 120, lakini ukibofya kipanya gemu inakujibu kwa mwendo wa zile 30, tena kwa kuchelewa kidogo zaidi. Na kwako wewe mhariri kuna la zaidi: unapotoa video iliyokamilika, hakuna fremu za kubuni zitakazokusaidia. Kila fremu lazima ihesabiwe kwa jasho. Machi 2025, wapimaji huru walipoipata 5070 na kuzima ubunifu ule, waliikuta jirani na RTX 4070 Super, mbali kabisa na 4090.

Hivyo ukiona grafu ya uzinduzi, tafuta maandishi madogo ya kijivu yaliyo chini yake. Huko ndiko wanakosema ni mipangilio gani ilitumika, kadi ya zamani ilizimiwa nini na mpya iliwashiwa nini. Grafu ikiwa na nguzo mbili ambazo moja inatumia kitu ambacho nyingine hairuhusiwi kukitumia, huo si ulinganisho tena. Na grafu isiyo na namba pembeni, yenye nguzo ndefu na nguzo fupi tu, ipite kama unavyopita bango la barabarani.

Upande wa akili unde kuna kipimo kinachoitwa TOPS, yaani matrilioni ya hesabu kwa sekunde. Microsoft ilipotangaza kompyuta za Copilot+, yaani zile za Windows zenye akili unde, Mei 2024, iliweka sharti: iwepo chipu maalumu ya akili unde yenye TOPS 40 au zaidi, kumbukumbu GB 16 na hifadhi ya GB 256. Kompyuta za mezani zikaingia kwenye kichekesho. Mtu mwenye RTX 4090, kadi ambayo mtengenezaji wake anaihesabia TOPS zaidi ya 1,000, akaambiwa kompyuta yake haistahili, huku laptopu nyembamba isiyo na kadi yoyote ya ziada ikapokelewa. Miezi mitano baadaye Intel ilizindua Core Ultra 200S za mezani zikiwa na chipu ya akili unde ndani yake, ya TOPS 13. Zikaachwa nje nazo.

Sababu ipo. Microsoft inataka kazi hizo zifanyike kimyakimya siku nzima kwa umeme kidogo, na kadi kubwa ya grafiki hailijui neno hilo. Halafu TOPS hazifanani: moja imehesabiwa kwa namba za biti 8, nyingine kwa biti 4, nyingine kwa kuruka sifuri zote. Kulinganisha TOPS za chapa mbili bila kujua zimehesabiwaje ni kama kulinganisha umri wa watu wawili, mmoja akihesabu miaka na mwenzake misimu ya mvua. Usinunue kompyuta kwa TOPS. Subiri programu unayoitumia kila siku iseme inazihitaji.

Haya. Sasa nataka niseme jambo ambalo naliona ni zito kuliko yote, nalo ni kwamba vifaa ndivyo vinavyoshangiliwa, lakini mfumo endeshi ndio unaoamua kompyuta yako itaishi hadi lini.

Itazame yako. i7-7700 bado ni prosesa ya maana. Haijapasuka wala haijachoka tangu uifungue kwenye boksi. Windows 11 ilipotangazwa Juni 2021, orodha ya prosesa za Intel zilizokubaliwa ilianzia kizazi cha nane. Prosesa za mezani za kizazi hicho zilitoka Oktoba 2017, miezi tisa baada ya yako. Wengi hudhani zilizoachwa zilikosa TPM 2.0, ile chipu ya usalama. La hasha, mbao mama nyingi za enzi yako, zile zinazobeba prosesa, zina TPM 2.0 ndani ya programu yake ya msingi, ni suala la kuiwasha tu. Kilichokutoa ni orodha. Agosti ya mwaka ule ule wa 2021 Microsoft ilifungua mlango kidogo kwa chipu chache za kizazi cha saba, na mojawapo ikawa i7-7820HQ, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya kompyuta ya Surface Studio 2 ya Microsoft yenyewe. Wapenzi wa kompyuta walicheka sana siku ile, na mimi nilicheka nao.

Mgala muue na haki yake mpe, lakini. Microsoft ilieleza kwamba katika majaribio, kompyuta zisizotimiza masharti zilianguka katika kiini cha mfumo kwa asilimia 52 zaidi ya zile zilizotimiza. Hata ukiona mstari ulichorwa kibabe, mstari upo, na Windows 10 yako iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, mradi ujiandikishe kwa akaunti ya Microsoft. Kama hujajiandikisha, acha kusoma hapa, nenda kajiandikishe, kisha rudi.

Kadi yako nayo imeguswa. GTX 1060 ni ya Julai 2016, na Oktoba 2025 Nvidia ilifunga ukurasa wa draiva za gemu, zile programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi, kwa kizazi hicho kizima. Kimebakiwa na masasisho ya usalama ya kila robo mwaka hadi Oktoba 2028.

Upande wa Apple hadithi ni ile ile, tena imerudiwa mara mbili. Juni 2005 walitangaza kuhama kutoka prosesa za PowerPC kwenda za Intel, na Oktoba mwaka huo huo bado walizindua Power Mac G5 mpya yenye kori nne, mnyama wa kutisha kwa wakati wake. Mfumo wa Snow Leopard ulipotoka 2009, mnyama akaachwa nje. Juni 2020 wakatangaza tena kuhama, safari hii kwenda chipu zao wenyewe. Agosti wakatoa iMac mpya ya inchi 27 yenye Intel, Novemba ikaja M1, ya kwanza ya chipu hizo. Waliopokea ile iMac kwa furaha waliambiwa Juni 2025 kwamba mfumo wa macOS Tahoe ndio wa mwisho kuzikubali Mac za Intel. Miaka mitano. Chuma chenyewe bado kizima, na skrini yake hadi leo ni nzuri kupita nyingi zilizo madukani.

Kwa hiyo tangazo la mfumo endeshi likitoka, wakati watu wanabishana kama madirisha mapya ya kioo yanapendeza au yanaumiza macho, mimi hushuka moja kwa moja hadi mwisho wa ukurasa kutafuta orodha ya kompyuta zinazokubaliwa. Huo ndio ukurasa wa mirathi.

Na vipengele vyenyewe vya mfumo? Hivi vina tabia ya kutangazwa leo na kufika keshokutwa, au kutofika. Mwaka 2003 Microsoft iliwaahidi waandaaji programu WinFS, mfumo wa faili ambao ungekuwezesha kuuliza kompyuta "nionyeshe picha zote za mtu fulani" bila kujali ziko folda gani. Agosti 2004 ikaondolewa kwenye Windows iliyokuwa inakuja, na 2006 ikazikwa. Apple nao Juni 2024 walionyesha Siri inayoelewa mambo yako binafsi, na Machi 2025 wakakiri kwamba itachelewa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua ubao mama kwa sababu boksi lake liliandikwa kuwa uko tayari kwa prosesa za kizazi kijacho. Kizazi kikaja, sasisho la BIOS, ile programu ya msingi ya ubao, halikuja. Ubao ule ninao hadi leo, nauwekea chini ya mguu wa meza usiyumbe. Tangu siku hiyo nina kanuni moja ya kikatili: kipengele ambacho hakijafika mikononi mwa wapimaji huru nakihesabia thamani sifuri. Kikija, ni zawadi.

Usidhani basi kelele za wapenzi wa kompyuta ni bure. Recall ilipotangazwa Mei 2024, kile kipengele cha Windows kinachopiga picha za skrini yako kila mara ili baadaye uulize ulikuwa unafanya nini, watafiti wa usalama waliichunguza na kukuta kumbukumbu zake zimehifadhiwa kwa namna ambayo programu nyingine ingeweza kuzisoma. Kelele zilipozidi, Microsoft iliisimamisha siku chache kabla ya kutoka. Ilirejea Aprili 2025 ikiwa imefungwa kwa usimbaji, inadai alama ya kidole, uso au namba yako ya siri kabla ya kufunguka, na haiwaki mpaka uiwashe mwenyewe. Vivyo hivyo Nvidia, Septemba 2022, ilitangaza kadi mbili tofauti kabisa kwa jina moja la RTX 4080, moja ikiwa na GB 12 za kumbukumbu na chipu ndogo zaidi. Watu walipiga kelele, na haukupita mwezi ile ndogo ikafutwa. Ikarudi Januari 2023 ikiitwa RTX 4070 Ti. Kelele zilizofanikiwa mara zote mbili zilikuwa na ushahidi ndani yake: faili fulani inasomeka, chipu fulani si ile. Ukikutana na maoni ya namna hiyo, yasome hadi mwisho, hata mwandishi awe mkali vipi.

Sasa kamera yako.

Nitabahatisha, na sidhani kama nitakosea. Kamera mpya inarekodi kwa H.265, njia mojawapo ya kubana video, biti 10, 4:2:2. Maana yake ni hii. Jicho la mtu ni kali kwa mwanga kuliko kwa rangi, kwa hiyo kamera huhifadhi mwangaza wa kila nukta lakini rangi hugawanywa. Katika 4:2:0, nukta nne hutumia rangi moja kwa pamoja. Katika 4:2:2, ni nukta mbili. Biti 10 nazo zinakupa ngazi 1,024 za kila rangi badala ya 256. Matokeo yake ni picha inayovumilia kuchezewa rangi bila kupasuka, na ndiyo maana kamera zinaisifia.

Ndani ya prosesa na ndani ya kadi ya grafiki kuna kisehemu kidogo kilichotengenezwa kwa kazi moja tu, kufungua na kufunga video. Kisehemu hicho kikiijua aina ya faili, video inateleza. Kisipoijua, mzigo wote unaangukia kori za prosesa. GTX 1060 haifungui 4:2:2. Grafiki iliyomo ndani ya i7-7700 yako, HD 630, nayo haifungui. Basi kori zako nne zinahangaika peke yake na H.265, ambayo fremu zake hutegemeana: ukiruka hadi katikati ya klipu, kompyuta inarudi nyuma hadi fremu kamili ya karibu na kuhesabu mfululizo mpaka hapo ulipo. Ndiyo maana kila ukiburuta kishale inakwama.

Hakikisha kabla ya kuniamini. Cheza klipu moja ndani ya programu ya kuhariri, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na uangalie upande wa utendaji. Ikiwa prosesa iko karibu na asilimia 100 huku mchoro wa kadi unaoonyesha kazi ya kufungua video ukiwa umelala chali, nimepatia. Angalia na kumbukumbu hapo hapo. Ikiwa GB 16 zote zimejaa, una tatizo la pili. Diski usiihofie kama ni SSD, ile isiyo na kisahani kinachozunguka, ya aina yoyote: hata ile ya zamani ya SATA husoma takriban MB 550 kwa sekunde, na faili za kamera kama yako huhitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Zile SSD mpya za PCIe 5 zinazotangazwa kwa MB 14,000 zinasisimua kwenye slaidi. Kwenye kazi yako hutaziona tofauti, isipokuwa unapohamisha folda nzima kutoka SSD moja ya aina hiyo hadi nyingine.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu. Kwa kazi ambazo hutachezea rangi sana, weka kamera irekodi biti 10 ya 4:2:0. Kadi yako na HD 630 zote mbili zinaifungua vizuri. Kwa kazi zinazodai 4:2:2, iambie programu yako ya kuhariri itengeneze nakala nyepesi za klipu zote usiku umelala, uhariri juu ya nakala hizo, na mwisho programu irudi kwenye faili za asili inapotoa kazi kamili. Wahariri wa filamu wanafanya hivyo kwenye mashine kubwa kuliko zote za matangazo haya.

Dawa ya pili ni ya kununua, na hapa sasa ndipo tangazo linakuhusu, katika mstari ambao hakuna aliyeupigia makofi. Pale pale Januari 2025, wakati watu wanagombana kuhusu fremu za kubuni, karatasi ya vipimo vya RTX 50, familia nzima ya ile 5070, ilikuwa na sentensi moja: kadi hizi sasa zinafungua na kufunga video za 4:2:2, za H.264 na za H.265. Kwako sentensi hiyo ina uzito kuliko onyesho zima. Intel ilikuwa imeshafika huko kwa H.265 tangu prosesa za mezani za kizazi cha 11, mwaka 2021, kwa grafiki iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Mac zenye chipu za M nazo zinaifungua. Ukichukua Intel, kwepa zile zenye herufi F mwishoni mwa jina: zimeuzwa bila grafiki ya ndani, na grafiki hiyo ndiyo unayoitafuta. Nimeshaona mhariri akichagua F ili abane matumizi kidogo, kisha akarudi kuuliza kwa nini mashine mpya inakwama kama ya zamani.

Sasa ununue au usubiri? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali zote mbili zinakuhusu. Kizazi cha kwanza kutoka tanurini kina historia ya kuunguza. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilianza kuuzwa 2022 na 2023, na ilikuwa Agosti 2024 ndipo lilipotoka sasisho la kuzuia volti iliyopita kiasi iliyokuwa ikiziharibu taratibu; Intel ikalazimika kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Plagi ya umeme ya RTX 4090 iliyeyuka kwa baadhi ya wanunuzi wa mwanzo kabisa. Core Ultra 200S zilitoka Oktoba 2024 zikiwa nyuma ya zilizotangulia katika gemu kadhaa, na marekebisho yakafuata miezi iliyokuja. Mimi huacha miezi mitatu au minne ipite baada ya uzinduzi. Kufikia hapo wenye haraka wameshanipimia.

Lakini usisubiri mwaka. Mwaka 2025 ulipokuwa unaisha, kumbukumbu za kompyuta zilipanda bei kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinazimeza, na Desemba Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya kumbukumbu na SSD kwa wanunuzi wa kawaida. Hili ndilo tangazo lililonitisha kuliko uzinduzi wowote, na halikuwa na jukwaa wala muziki. Kwa sababu hiyo nakupendekezea njia isiyo na fahari: tafuta ubao mama wa LGA1700, jina la soketi inapokaa prosesa, unaotumia kumbukumbu za aina ya DDR4, pamoja na prosesa ya kizazi cha 12 au zaidi isiyo na F. Ukiamua kuchukua ya kizazi cha 13 au 14, weka sasisho la BIOS siku ya kwanza, kabla hata ya kusakinisha Windows. Kumbukumbu zako za sasa, kama ni DDR4 kama zilivyo mbao nyingi za i7-7700, zinahamia huko moja kwa moja. Soketi ya AM5 ya AMD ina maisha marefu mbele yake, AMD wameahidi hadi 2027 na kuendelea, na ningekuwa naanza kutoka sifuri ningeichagua kwa moyo mweupe. Ila haikubali kumbukumbu yoyote isipokuwa aina mpya ya DDR5, na hapo utanunua kumbukumbu zote upya katika wakati mbaya.

Kadi ya GTX 1060 iache mahali pake kwa sasa. Itacheza gemu zako za usiku, na grafiki ya ndani ya Intel itashika video. Hakikisha tu kwenye BIOS kwamba grafiki ya ndani imewashwa hata kadi ikiwa imechomekwa, kwa maana mbao nyingi huizima zenyewe zikiona kadi.

Kabla ya yote hayo, fanya lile jaribio la funguo tatu, na ufungue menyu ya kamera uone imeandikwa H.264 au H.265. Ikiwa ni H.264 ya 4:2:2 ya biti 10, futa ushauri wangu wa Intel, maana hiyo ni kazi ya RTX 50. Niandikie ulichokikuta pamoja na jina la ubao mama wako, linapatikana limechapishwa karibu na soketi ya prosesa, nami nitakuambia ni kipande gani cha kompyuta yako kinahama na kipi kinabaki.